Asili Isiwe Sifuri

1

Siku tuliyoinyoa Kanuni, Mhandisi Nehemia alileta soda za baridi ofisini, na mimi nikanywa mbili. Naanza na soda kwa sababu nataka mjue nilikuwa na furaha. Watu wakisimulia makosa yao hupenda kujipa wasiwasi wa mapema, eti moyo ulisita, eti mkono ulitetemeka. Wangu haukutetemeka. Nilitia sahihi kwa kalamu ya bluu, jina kamili, Foibe Malogo, Mhakiki wa Hesabu, Idara ya Ubaridi, Mji wa Isanzo, nikafungua soda ya pili.

Kanuni ilikuwa na vipande elfu nne mia moja na kumi na sita. Ndiyo iliyoamua kila mtu wa Isanzo akae handakini saa ngapi kwa siku. Kuanzia Septemba hadi Desemba joto la mchana lilikuwa halishuki chini ya nyuzi arobaini na nane, na mtu mwenye afya yake akikaa juu ya ardhi kutwa nzima, siku ya tatu au ya nne anazikwa. Chini, kwenye mahandaki yaliyochongwa ndani ya mwamba, kulikuwa na ubaridi, ila haukututosha wote kwa wakati mmoja. Basi unafika mlangoni, unaweka kiganja kwenye kioo, mashine inasoma umri wako, mapigo ya moyo, joto la siku ile na habari zako zote zilizo kwenye daftari la mji, inaziingiza kwenye Kanuni, halafu inakutemea karatasi: saa tano, saa sita na nusu, saa nane.

Shida ni kwamba kila kamati iliyowahi kukaa iliongeza kipande chake. Kamati ya wajawazito, kamati ya wachimbaji, kamati ya watu wa visima. Wa kuongeza walikuwa wengi, wa kupunguza hakuwepo hata mmoja. Mashine ikawa inatafuna dakika moja na nusu kwa kila kichwa. Weka watu mia tatu mlangoni, piga hesabu mwenyewe: wa mwisho anasubiri saa saba na nusu juani. Foleni ilikuwa inaua watu kumi na wawili kwa siku, milango yote thelathini ikijumlishwa. Walikufa wameshika karatasi za namba, hatua ishirini kutoka kwenye ubaridi waliokuwa na haki nao.

Ndiyo maana tukaleta Kinyozi. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu na halikumkaa mtu mdomoni. Sisi tulimwita Kinyozi kwa sababu ya kazi yake. Unampa usemi wa aljebra wenye nywele mpaka mgongoni, anafungua mabano, anakusanya vinavyofanana, anakata vya juu na vya chini, anakurudishia kichwa kinachong'aa. Thamani ile ile, umbo fupi. Nilimpa vipande vyote elfu nne na ushei saa tatu asubuhi. Saa nne kasoro robo alinirudishia kumi na kimoja.

"Kumi na kimoja," alisema Mhandisi Nehemia Chidosa, mkuu wa idara yetu. Ni kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, hapendi kukaa akiwa na neno zito la kusema. Alikuwa amesimama. "Mwalimu, una uhakika ni ile ile?"

Huniita Mwalimu, kama wote, ingawa darasani nilitoka miaka tisa iliyopita.

"Ni ile ile. Sita gawanya kwa mbili ni sawa na tatu, sivyo? Kunyoa si kubadili."

"Nauliza kwa sababu kubadili lazima kupite Kamati Kuu. Kunyoa kunahitaji sahihi yako tu."

"Basi nipe kalamu."

Kulikuwa na kitu kimoja. Kinyozi alipomaliza, pembeni mwa kioo kilitokea kidirisha kidogo: Masharti 190. Onyesha, au Ficha. Nikabonyeza Onyesha, ikashuka orodha ndefu, nikasoma kama ishirini za mwanzo na zote niliziona upuuzi. Umri usiwe chini ya sifuri. Sasa nani ana umri chini ya sifuri? Nikabonyeza Ficha ili karatasi ya sahihi iwe safi. Kisha nikailinganisha Kanuni mpya na ya zamani kwa watu elfu mbili niliowatunga mwenyewe, na majibu yakafanana mpaka tarakimu ya mwisho. Watu wangu wa kutunga nilikuwa nimewapa wote ndugu, huyu mmoja, yule watatu, yule tisa. Haikunijia akilini kumtunga mtu asiye na mtu.

Wiki ile foleni haikuua hata mmoja. Sokoni mama mmoja alinishika mkono akakataa kuniachia, akalia mbele za watu, na mimi nikalia naye. Nililala vizuri wiki nzima na ile iliyofuata.

2

Siku ya kumi na tisa nilikwenda Mlango wa Nne kukagua mashine. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na foleni ilikuwa ya watu tisa wanaotaniana. Mlinda mlango, Bi. Mwantumu Isuja, mama wa miaka sitini aliyeukalia mlango ule tangu ulipochongwa, alikuwa kwenye kiti chake anafuma kofia.

"Shikamoo, Bi. Mwantumu."

"Marahaba, mwanangu. Mmetuletea raha, lakini mimi mmeninyang'anya kazi."

"Kazi gani tena?"

"Ya kengele." Alinionyesha kwa sindano kengele ya shaba juu ya kizingiti. "Ilikuwa inalia mara nane, mara kumi kwa siku. Toka mlete hiyo hesabu fupi haijatoa hata mlio. Nimeshaipangusa vumbi mara mbili."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa makaratasi, habari za kengele sikuzijua. Nikamwuliza ilikuwa inalia wakati gani.

"Mashine ikishindwa. Anakuja mtu, anaweka kiganja, mashine inanyamaza kimya, karatasi haitoki. Basi kengele inalia na kufuli linaniachia mimi. Natoka, namwangalia mtu mwenyewe. Namwuliza, wewe wa nani? Akiniambia sina mtu, namwambia haya, wewe wa kwangu, ingia. Saa zake naandika kwa mkono. Sheria inaniruhusu, ila mpaka kengele ilie."

"Na waliokuwa wakiiliza ni watu gani?"

"Si hao hao wasio na mtu. Wajane wasio na watoto. Wale waliofika peke yao kutoka vijiji vilivyoungua. Mzee Magazijuto."

Nilikuwa nimeinama kwenye mashine, nikainuka. Magazijuto ni jina la utani la Mwalimu Simeoni Mgonela, aliyenifundisha hesabu mwaka mmoja na kuniharibia mingine yote kwa kunifanya nizipende. Kila aliyesoma shule zetu anakariri neno hilo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Yeye alikuwa akilikariri huku anagonga meza kwa rula, likamganda. Hakuwahi kuoa. Nilidhani alishakufa siku nyingi, na kusema kweli nilidhani hivyo kwa sababu ilinirahisishia kutomtafuta.

"Anakuja hapa?"

"Alikuwa anakuja. Siku ya kwanza ya hesabu yenu fupi mashine ilimtemea karatasi safi kabisa, saa sifuri. Nikamwambia, Mwalimu, labda jana ulipitiliza. Akakaa hapo kwenye jiwe, akatoa kalamu yake nyekundu, akaandika nyuma ya karatasi, akanipa. Mpe aliyesahihisha hii, anasema. Mimi najua ni utani wake. Kesho yake sifuri, akaandika tena. Siku sita. Halafu sikumwona."

"Karatasi unazo?"

Alizitoa kwenye kopo la sindano zake, sita, zimekunjwa nne nne. Mbele ya kila moja palipigwa chapa SAA 0, na chini yake kwa herufi ndogo: Imehakikiwa na F. Malogo. Nyuma, kwa wino mwekundu na mwandiko ulionyooka:

a ≠ 0. Sharti halikuandikwa. Alama: nusu.

Nikakaa kwenye lile jiwe.

Sehemu ina namba mbili. Ya juu tunaiita kiasi, ya chini tunaiita asili. Herufi ikitokea juu na chini, unazikata zote mbili, na hapo ndipo watoto wanapofurahi, kwa sababu kukata ni kutamu. Magazijuto alituruhusu kukata kwa sharti moja: uandike pembeni kwamba asili isiwe sifuri. Usipoandika, hata jibu lako liwe sahihi namna gani, unapata nusu. Mimi nilipata nusu nyingi sana. Tulimwona mzee wa kero.

Na kwenye Kanuni, herufi a ni asili kweli kweli. Daftari la mji linahesabu ndugu ulio nao Isanzo, mke, mtoto, shangazi, na namba hiyo inaitwa asili yako. Kamati moja ilisema wenye familia wanalea, basi saa zao zizidishwe kwa asili. Nyingine ikasema hivyo hivyo bila kusoma ya kwanza. Ya tatu ikasema wenye ndugu wengi wanasaidiana, basi zigawanywe kwa asili. Ikawa a mara a mara s, yote gawanya kwa a, na hiyo s ni mengine yote. Kinyozi akakata a ya juu na a ya chini, ikabaki a mara s. Kwa mwenye ndugu watatu ni sawasawa kabisa. Kwa asiye na ndugu, ya zamani ilikuwa sifuri gawanya kwa sifuri, kitu kisicho na jibu, na mashine kwa kukosa jibu ilimwita binadamu. Ya sasa ni sifuri mara s, na hiyo ina jibu.

"Wale wengine wa kengele," nikasema, "nao unawaona?"

"Siwaoni. Nilidhani mmewapa mlango mwingine."

Nilifungua daftari la mji kwenye kishikwambi changu. Siku ya kunyoa, wenye asili sifuri walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Asubuhi ile walikuwa mia mbili na kumi na watano. Kwa waliopungua daftari lina neno lake moja, wamefutwa. Nilitoa mara mbili, nikapata tisini na saba, kisha nikamwuliza Bi. Mwantumu anapoishi Mzee Magazijuto.

3

Nilimkuta kwenye chumba cha matofali nyuma ya shule ya zamani, amelala sakafuni kwa sababu saruji ina nafuu kuliko godoro, amejifunika shuka iliyokuwa imelowa na sasa imekauka. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Siku zote zile mchana alikuwa akienda kulala kwenye bomba la maji ya mvua chini ya barabara, kama wengine wasio na mtu, hadi miguu ilipokataa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Foibe. Foibe Malogo, Kidato cha Pili B."

"Malogo." Alifunga macho akitafuta. "Ulikuwa unasahau masharti."

Nilimnywesha maji kwa kijiko. Yalimchukua muda kushuka.

"Mimi ndiye niliyetia sahihi, Mwalimu."

"Najua. Jina lako liko chini ya kila karatasi. Ndiyo maana nikakupa nusu, wewe nakujua. Mwingine ningempa sifuri."

Alikuwa anatania, na mimi nilitamani anitukane. Nilimwambia nitamwandikisha kama ndugu yangu, baba mdogo, chochote, asili yake itakuwa moja na mlango utamfungukia.

"Daftari linachukua siku ngapi?"

"Tisa."

"Mimi hata mbili sina. Angalia mguu huu."

"Basi nitafuta sahihi yangu. Nikifuta, Kanuni ya zamani inarudi na kengele italia leo leo."

"Na foleni?"

"Itarudi."

"Ilikuwa inaua wangapi?"

"Kumi na wawili kwa siku."

"Na hii yako?"

"Watano."

Niliona midomo inacheza kama zamani alipokuwa akipiga hesabu ubaoni bila kugeuka. Kisha akageuza uso ukutani.

"Umeniletea swali baya, Malogo. Wala usiniombe nikusaidie. Mtu hasahihishi karatasi yenye jina lake."

Nikakodi mkokoteni, nikamlaza juu ya magunia yaliyoloweshwa, nikamsukuma mwenyewe mpaka Mlango wa Nne. Bi. Mwantumu aliacha kofia yake, akamwekea kivuli kwa kanga mbili. Tulimshika mkono tukaweka kiganja chake kwenye kioo, kwa kujaribu tu. Mashine ilijibu mara moja, ni ya haraka siku hizi. Saa sifuri, imehakikiwa na F. Malogo.

"Mwalimu, wewe wa kwangu, unasikia?" Bi. Mwantumu alimwambia sikioni. Alivuta mlango kwa mikono miwili na mlango haukutikisika.

4

"Ongeza mstari mmoja," nilimwambia Nehemia. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. "Mmoja tu. Asili ikiwa sifuri, piga kengele."

"Kuongeza ni kubadili. Kubadili ni Kamati Kuu, wiki tatu. Nikiwasukuma sana, siku kumi na sita."

"Kumi na sita mara watano ni themanini."

"Najua kuzidisha, Mwalimu." Alikuwa amesimama tena. "Na ukifuta sahihi, ya zamani inarudi dakika hiyo hiyo kwenye milango yote. Kumi na sita mara kumi na wawili."

"Mia moja tisini na wawili."

"Ndiyo hiyo."

Nehemia si mtu mbaya, na hili nalisema kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya awe. Mama yake alianguka kwenye foleni ya Mlango wa Kumi na Moja miaka minne iliyopita, akiwa na karatasi ya saa nane mkononi. Siku niliyomletea vipande kumi na kimoja, baada ya sahihi, ndiyo siku pekee niliyomwona amekaa.

Nikamwuliza kama hatuwezi kuwafungulia kwa mkono tu. Akasema kufuli linatii kengele na kengele inatii mashine, walilifunga hivyo makusudi ili walinda mlango wasiuze saa. Nikamwuliza tukiivunja mashine. Mashine ikivunjika, mlango unajifunga kwa wote.

"Kwa hiyo ni sahihi yako," akasema. "Ilikuwa sahihi yako siku ile, na leo ni hiyo hiyo. Wewe ulisema ni sawasawa. Ukisema si sawasawa, mimi siwezi kukuzuia."

Aliitoa fomu, akaiweka mezani. Nilitaka kuitia sahihi hapo hapo. Kisha nikatazama dirishani, nyuzi hamsini na moja, na foleni ya mchana imeshaanza kujaa mlango wa chini yetu, watu wamekuja bila maji kwa sababu siku hizi wanasubiri dakika kumi. Nikifuta sasa, wote wale wanakwama juani bila habari. Nikifuta saa kumi na mbili jioni, hakuna atakayekuwa nje, redio itatangaza, watakuja kesho wakijua.

"Saa kumi na mbili," nikasema.

"Na mzee wako?"

"Ni saa tano na nusu tu. Atasubiri."

Hayo ni maneno yangu, niliyasema mimi. Nilirudi Mlango wa Nne, nikamwambia mlango utafunguka saa kumi na mbili, nikakaa naye. Tulimlowesha, tukampepea. Saa tisa alianza kusema ovyo, akaniita kwa majina ya wanafunzi wengine, akamgombeza mmoja kwa kuanza kujumlisha kabla ya kuzidisha. Saa kumi akili ikamrudi, akauliza ni saa ngapi, nikamwambia.

"Bado mbili," akasema.

"Bado mbili, Mwalimu. Vumilia."

Alikata roho saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Foleni yote ilikuwa imeshaingia, na mlangoni tulikuwa sisi watatu tu. Bi. Mwantumu alimfumba macho, akanipa kalamu nyekundu iliyokuwa mfukoni mwa Mwalimu.

5

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa mezani kwa Nehemia. Alikuwa amepata habari.

"Pole sana, Mwalimu."

"Nimeshapoa."

"Nimefikiri," akasema, na aliposema aliiweka mikono yote miwili juu ya fomu, taratibu. "Sasa mzee amepumzika. Hakuna haja ya haraka tena, au sivyo? Tuipeleke Kamati Kuu kwa utaratibu wake. Nitawasukuma. Siku kumi na sita."

Nitasema ukweli, kwa sababu nisipousema hapa hakuna pengine pa kuusema. Nilishaweka kalamu chini. Niliposikia maneno yake nilihisi nafuu, mabega yakanishuka. Waliobaki walikuwa mia mbili na kumi na wanne na simjui hata mmoja kwa sura. Kumi na wawili ni zaidi ya watano, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Ilikuwa hesabu safi, na mchana kutwa nilikuwa nimeikataa, na sasa nilikuwa naikubali, na hakuna namba hata moja iliyokuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba wangu alikuwa hayumo tena.

Nilikuwa nawazidisha watu kwa undugu. Kamati tatu zilikuwa zimefanya vile kwa uzembe, na mimi nilikuwa nafanya nikiwa nimekaa, macho makavu, na soda aliyonifungulia Nehemia ikiwa mbele yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Hao waliobaki," Nehemia aliuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuinuka, "kwani ni wa nani kwako?"

"Wa kwangu," nikasema.

Nikachukua kalamu. Mkono ulitetemeka safari hii, mpaka ikabidi niandike jina mara mbili.

6

Kesho yake kengele ya Mlango wa Nne ililia mara nane. Nilikuwa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, nimeacha kitambulisho cha idara nyumbani, nikisonga mbele dakika moja na nusu kwa kila kichwa. Mara zote nane Bi. Mwantumu alitoka, akauliza swali lake, akajibiwa, akawaingiza. Milango yote ilipojumlishwa, kengele zilikuwa zimelia mara mia moja themanini na mbili. Wengine kati ya wale mia mbili na kumi na wanne hawakuwa na nguvu za kufika.

Foleni iliua kumi na wanne. Redio ilikuwa imetangaza, watu walikuja na maji na miavuli, na bado ni kumi na wanne.

Alinijia siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, mlangoni kwangu. Mama wa makamo, kanga ya msiba, karatasi mkononi. Alijitaja: Tabitha Mnyawi, mke wa Elifasi aliyeanguka Mlango wa Saba. Nikamkaribisha ndani, akakataa.

"Wewe ndiye Foibe Malogo? Jina lako lilikuwa chini ya karatasi zote. Juzi jioni likatoka."

"Ndimi, mama."

"Mume wangu alikuwa na ndugu tisa kwenye daftari. Alikuwa mtu wa watu. Hiyo kengele haikumhusu."

"Haikumhusu."

"Wiki iliyopita alikuwa anasubiri dakika kumi."

"Ndiyo."

"Juzi ukarudisha foleni. Jana imelia mara ngapi, kengele yako?"

"Mia moja themanini na mbili."

"Na sisi wa foleni tumezika wangapi?"

"Kumi na wanne."

Nilijua anachongoja. Alitaka nimwambie kwamba hizo mbili zinakatana, ya juu na ya chini, na linabaki jibu fupi ambalo mtu anaweza kuondoka nalo. Miaka ishirini na mbili niliwafundisha watoto wa watu kulitafuta jibu hilo na kulipigia mstari chini. Ningeweza kumpa. Ningesema mia moja themanini na mbili, ningekaza sauti, na labda angeinama akaondoka.

"Hazikatani, mama," nikamwambia.

Alininyooshea karatasi aliyokuja nayo. Ilikuwa namba ya foleni ya Elifasi, mia mbili na sitini na moja, imelainika kwa jasho.

"Niandikie hapo," akasema. "Na jina lako chini, kama zile nyingine."

Kalamu iliyokuwa karibu ni ile nyekundu. Nikaandika: Hazikatani. F. Malogo. Aliisoma, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaondoka bila kuniaga. Nikavaa viatu nikaenda Mlango wa Nne kupanga foleni. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne kabla ya jibu la Kamati Kuu.